Mwalimu Cleophace Kashaija na Darasa Lisilojua Kusoma

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, viongozi wa kijiji, walimu, majirani na ndugu wote mliofika hapa kibanjani kwetu Kamuli leo Jumamosi tarehe 11 Oktoba 2025, shikamooni wakubwa, na poleni sote kwa msiba huu. Mimi ni Mackrine, mtoto wa kwanza wa marehemu. Karatasi hii ilipaswa kusomwa na baba mdogo, lakini marehemu mwenyewe aliagiza niisome mimi, na sababu yake mtaisikia humu ndani.

Marehemu Mwalimu Cleophace Kashaija Rwegasira alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika Kata ya Nyakakika, Wilaya ya Karagwe, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee Rwegasira na Bibi Anatolia, wakulima wa migomba na kahawa, ambao wote wametangulia mbele za haki. Alibatizwa mwaka huohuo, akapata kipaimara mwaka 1985. Bibi alikuwa akitusimulia kwamba utotoni alikuwa mkimya mno, akitumwa shambani anakwenda, akichapwa halii, na kwamba kitu pekee alichokipigania nyumbani ni taa ya chemli, ili amalizie kuandika.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1980 hukohuko Nyakakika, akahitimu la saba mwaka 1986, akawa mmoja wa watoto wawili tu waliochaguliwa shuleni kwao kwenda sekondari, ambako alimaliza kidato cha nne mwaka 1990. Baada ya hapo alikaa nyumbani zaidi ya miaka miwili akipalilia na kuanika kahawa, kisha mwaka 1993 akajiunga na chuo cha ualimu, akatunukiwa cheti cha daraja A mwaka 1995. Tarehe 1 Julai mwaka huo aliajiriwa na kupangiwa shule ya msingi hapa Kamuli, wakati huo wilaya yetu hii ya Kyerwa ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Karagwe, na hakuondoka hapa kwa miaka kumi na tisa na nusu.

Alipofika aliwakuta walimu sita, na somo la Kiingereza la darasa la tatu, la nne na la tano halikuwa na mwenyewe, kila mmoja alilikwepa, basi likapewa mgeni. Tata, kama tulivyozoea kumwita nyumbani, hakulijua vizuri somo hilo, na hilo amelisema mwenyewe mara nyingi. Alifundisha kama alivyofundishwa, mwalimu anasoma sentensi, watoto wanaitikia, mara tano, mara kumi, mpaka darasa zima linaimba kitabu kwa sauti moja, kisha anaandika ubaoni kwa ule mwandiko wake mnaoujua, nao wananakili. Wakaguzi walipopita walikuta watoto wanasoma pamoja bila kukwama, madaftari masafi, andalio la somo limekamilika, wakamsifu, na mwaka 2006 alitajwa mfanyakazi bora kwenye sherehe za Mei Mosi.

Tarehe 19 Desemba 1998 alifunga ndoa takatifu na mama yetu Placida, binti wa hapahapa Kamuli, na Mungu akawajalia watoto watatu, mimi niliyezaliwa tarehe 12 Agosti 2000, Lameck aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2003, na Vestina aliyezaliwa tarehe 27 Januari 2008. Ameacha pia wajukuu wawili.

Sasa nafika mwaka 2014. Jana baadhi ya wazee wa ukoo waliniita pembeni wakaniomba mwaka huu niuruke, wakisema msiba si mahali pake. Wazee wangu, nisameheni, nimeagizwa.

Jumanne tarehe 20 Mei 2014 Mwalimu Allen, binti aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka chuoni, na ambaye yupo hapa leo, aliingia darasa la nne kumsaidia Tata kusahihisha. Katika darasa hilo alikuwa akisoma binti mmoja aitwaye Uwiduhaye, mtoto wa Mzee Xaveri, familia yenye asili ya Burundi iliyokuwa ikifanya vibarua katika mashamba ya kahawa, na binti huyo ndiye aliyekuwa akiongoza wenzake kusoma, kwa sauti kubwa na bila kukosea. Mwalimu Allen alipendezwa naye, akaweka kidole katikati ya ukurasa, akamwambia, "Nisomee hapa." Mtoto akaanza sentensi ya kwanza ya ukurasa. Mwalimu akamwambia hapana, anzia hapa kwenye kidole. Uwiduhaye akamtazama Tata, akasema, "Mwalimu, hapo katikati sipajui mpaka nianzie juu."

Watoto walicheka. Tata hakucheka. Kwa siku tatu zilizofuata aliwaita wanafunzi wote tisini na wawili wa darasa lile, mmoja mmoja, katika stoo ya vitabu, akawaandikia kwenye karatasi sentensi fupi ambazo hazikuwamo kitabuni, kwa maneno yaleyale waliyokuwa wakiyaimba kila siku, na walioweza kusoma walikuwa saba.

Ijumaa ile alirudi nyumbani jioni, mimi nikiwa namenya ndizi na mama. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba mwaka uliotangulia, sikuchaguliwa, na Tata alikuwa amenigombeza sana kwamba ni mvivu. Alichukua kitabu cha Kiingereza cha darasa la nne, akakifungua popote, akaniambia, "Mama, soma." Nikaanza kuimba. Akafunika mistari ya juu kwa kiganja. Nikakwama kama Uwiduhaye. Mimi nilipita mikononi mwake darasa la tatu, la nne na la tano, daftari langu alilisahihisha mwenyewe na kuandika vizuri sana kwa wino mwekundu, na nilikuwa sijui kusoma. Tata alifunga kitabu, akatoka, akaenda kusimama katikati ya migomba, na mama aliponituma kumwita chakula kikiwa tayari, alisema, "Nakuja," lakini hakuja.

Kikao cha wazazi kilifanyika Ijumaa tarehe 13 Juni 2014. Mwalimu mkuu wa wakati huo alikuwa amemsihi asiseme kitu, watengeneze mambo polepole, kwa sababu jina la Tata lilikuwa tayari limependekezwa kuwa mwalimu mkuu wa shule nyingine. Tata alisimama, akasema, "Wazazi wangu, watoto wenu nimewapa alama nzuri kwa kukariri. Kiingereza hawajui kukisoma wala kukiandika. Si hawa tu, ni wote waliopita kwangu tangu nimefika. Kosa si la watoto, ni langu." Kulizuka kelele, wengine wakidai alikuwa akila mshahara wa bure, wengine wakidai amelewa, naye hakuonja pombe maisha yake yote. Mama Therese, aliyekuwa na mabinti wawili waliokwisha kumaliza na kurudi shambani, akanyoosha mkono, akauliza, "Mwalimu, na wangu mimi unawarudisha lini?"

Tata alimjibu, "Mama, sijui," akakaa.

Baada ya hapo aliandikiwa barua ya kujieleza, jina lake likaondolewa kwenye mapendekezo, na walimu wenzake kadhaa waliacha kumsalimia kwa kuwa wazazi sasa walikuwa wakiwauliza na wao maswali. Mwezi Agosti familia ya Mzee Xaveri ilihama kutafuta kazi kwingine, na Uwiduhaye akaondoka kabla hajafundishwa upya, Tata alimwulizia kwa watu wa Murongo, wa Nkwenda, hata kwa wafanyabiashara wa ng'ombe, na mpaka amefariki hakupata kujua alikokwenda. Januari 2015 alihamishiwa shule ya msingi katika Kata ya Songambele, na mama akabaki nasi hapa, kwa sababu kibanja na migomba yake havihamishiki.

Huko Songambele alianza upya akiwa na miaka arobaini na mitatu. Mwalimu Allen alimletea vitabu vyake vya chuo, na Tata, mwenye utumishi wa miaka ishirini, akamwomba binti wa miaka ishirini na minne amfundishe jinsi ya kufundisha. Alikata maboksi, akaandika herufi, kisha silabi, kisha maneno, watoto wakayachanganya na kuyapanga wenyewe chini sakafuni. Kila Ijumaa mtoto aliandika sentensi tatu zake mwenyewe, zisizotoka ubaoni, kuhusu kwao, mbuzi aliyekatika kamba, mama anayeumwa, mvua iliyoingia jikoni, na Tata hakujaza tena wino mwekundu daftari zima, alichagua kosa moja tu la kuzungumza na mtoto. Wapo waliojua kusoma na wapo walioshindwa, kwani darasa lilikuwa na watoto zaidi ya mia, na kila mwaka majina ya walioshindwa aliyaandika na kumkabidhi mwalimu wa darasa la tano mkononi.

Siku za Jumamosi alirudi hapa Kamuli, akafungua darasa katika jengo la Shule ya Jumapili kwa wale aliowafundisha zamani. Siku ya kwanza walikuja kumi na mmoja, wengine na watoto mgongoni, mabinti wote wawili wa Mama Therese wakiwamo. Mwezi wa kahawa walibaki sita, Krismasi ilipofika walikuwa watatu. Watu wazima wana mashamba, wana waume, wana aibu. Tata hakufunga darasa lile, na zipo Jumamosi alikaa mle peke yake mpaka saa sita mchana, ndipo akatoka na kufunga mlango.

Mimi alinifundisha nyumbani. Sikumrahisishia. Nilimwambia, "Tata, umechelewa," naye akaniambia, "Najua. Soma." Tulikwenda hivyo miaka miwili, nikimkasirikia karibu kila siku, na siku nilipomsomea ukurasa mzima nisioujua, sikuona furaha usoni kwake, aliniangalia tu, akasema, "Kumbe ungeweza." Neno hilo liliniumiza, na nadhani yeye lilimuumiza zaidi. Nilifanya mtihani wa sekondari kama mtahiniwa wa kujitegemea, sikufaulu, nikajifunza ushonaji, na leo nina cherehani yangu pale Nkwenda. Nayasema haya si kwa kumshtaki marehemu, nayasema kwa sababu aliniambia nikiyaficha nitakuwa nimeimba tena.

Kuhusu ugonjwa, mwezi Oktoba 2024 marehemu alianza kulalamika kwamba chakula kinakwama, kwanza ndizi, baadaye hata wali laini, akawa anakunywa uji tu na kuendelea na vipindi. Februari 2025 alipelekwa hospitali ya rufaa Mwanza, ikagundulika ana saratani ya koo la chakula, nayo ilikuwa imesambaa. Alipata matibabu kwa awamu hadi Julai, ndipo madaktari walipotueleza kwa upole kwamba tumrudishe nyumbani. Alikonda hadi shati la kanisani likawa kama la mtu mwingine. Septemba aliniita, akaniambia mambo ya kuandika na tarehe zake, akasema, "Msiseme nilikuwa mwalimu bora. Semeni nilifundisha miaka thelathini, na katika hiyo kumi na tisa sikujua ninachofanya." Nilimwomba tuongeze kwamba alibadilika. Akasema, "Walionufaika watasema wenyewe, kama wapo."

Jumatano tarehe 8 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, mama alikwenda kumpashia uji, na aliporudi alimkuta ametulia, amegeukia upande wa dirisha, roho imekwisha kuondoka. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza, pamoja na wale wa hapa waliokuja mpaka nyumbani kumchoma sindano za maumivu, inamshukuru Mchungaji na kwaya, majirani walioleta ndizi, kuni na maji tangu Jumatano, walimu wa Songambele waliogawana vipindi vyake bila kunung'unika, na Mwalimu Allen, aliyekuwa wa kwanza kufika.

Tunawashukuru pia ninyi ambao hamkumsamehe. Tunawafahamu, na hatuna neno la kuwalaumu. Alfajiri ya leo nilipotoka nje niliwakuta wanaume wanachimba kaburi, na nikiwatazama mmoja mmoja, karibu wote walikuwa wanafunzi wake wa miaka ile ya kwanza, wale aliowaimbisha kitabu, watu wa jembe na vibarua, ambao hakuna siku watakayorudi darasani. Hawakuitwa na mtu. Walichimba kimya, wakamaliza, wakanawa mikono, wakakaa pale nyuma walipo sasa. Kaka zangu, alichowanyima hakuweza kuwarudishia, na kwa niaba yake, mimi mtoto wake na mwenzenu wa darasa, nawaomba radhi.

Tata, nimesoma yote. Lala upumzike.