Mbwa Anayetazama Mlango

Baba Kasisi, wanafamilia, majirani wa Wendleby na ninyi mliotoka mbali, mimi ni Hester Garbutt, mdogo wake marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake, na sitawaficha, ninaogopa, na wengi wenu mnajua ninachokiogopa, maana tangu mmeingia hakuna aliyekaa upande ule wa kaburi la mawe.

Kaka yangu Edwin Garbutt alizaliwa tarehe 3 Machi 1911 hapa hapa kijijini, mtoto wa kwanza wa mzee Silas na mama Keziah, akabatizwa katika kanisa hili, na mama alikuwa akisimulia kwamba siku hiyo alilia mpaka alipoonyeshwa wanyama wa kuchongwa juu ya kaburi lile la mawe, simba aliyelala miguuni pa sanamu ya bwana wa zamani mwenye mavazi ya vita, na mbwa mdogo mwenye njuga shingoni aliyelala miguuni pa mkewe. Alisoma shule ya kijiji hadi mwaka 1925, akaenda Stamford kujifunza uashi kwa mjomba wetu, akarudi mwaka 1932, na hakujua kazi nyingine ila mawe mpaka mapafu yalipomkatalia. Tarehe 18 Juni 1938 alifunga ndoa na Agnes Thirkell, mbele ya altare hii, wakajaliwa watoto wawili, Lambert na Cecily, mnaowaona hapa mbele pamoja na wajukuu.

Februari 1953 dhoruba iliangusha boriti ya paa, ikakisaga kabisa kichwa cha yule mbwa, na kasisi wa wakati huo akampa Edwin kazi ya kuchonga kingine. Ninyi wa mbali mjue kwamba kwetu jeneza halikuwa likitoka kanisani mpaka ndugu wa karibu amwekee mbwa mkono mgongoni, ili amsindikize marehemu asipotee njia, ndiyo maana mgongo ule umelainika kama sabuni iliyotumika. Kichwa cha zamani kilimtazama bibi yake wa mawe, cha Edwin kikatazama mlango, macho wazi, mdomo umeachama kidogo, na kilipowekwa jirani yetu Dorcas Pell akauliza kwa sauti, "Edwin, huyo anamngoja nani?" Baada ya muda mfupi Dorcas huyo alimzika mumewe, akawa wa kwanza kumshika mbwa mwenye kichwa kipya, na kabla ya Pasaka tukamzika yeye. Tangu hapo hakuna aliyemgusa, mazishi yote yamepita bila mkono, kwa kuwa watu walishakubaliana kwamba atakayemgusa ndiye anayengojwa.

Agnes alifariki tarehe 2 Oktoba 1961. Edwin alisimama pale kwa mbwa, akainua mkono, nikamwona akiurudisha mfukoni mwa koti, na mkewe akatolewa bila msindikizaji. Nyumbani hakunywa hata chai, alisema tu, "Hester, nimemwacha aende peke yake," na kuanzia siku ile hakulala tena taa ikiwa imezimwa.

Marehemu alianza kuugua kifua mwaka 1970, vumbi la mawe likiwa limemjaa mapafuni, akalazwa hospitali ya mjini Septemba mwaka huu, na huko ndiko alikonieleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, kwamba kile kichwa alikichonga akimtazama mbwa wake, Tansy, aliyekuwa akikaa karakanani kila asubuhi macho mlangoni, akingoja gari la mkate, kwa sababu dereva alikuwa akimtupia vipande. Nikamwambia, "Kaka, miaka yote hii tunatetemekea mbwa anayengoja mkate, na wewe umenyamaza?" Akajibu, "Nilijua ni Tansy, mdogo wangu, na bado niliogopa. Si Dorcas alikufa?"

Kisha akaniomba siku yake ikifika nimwekee mbwa mkono, nikamkumbusha kwamba ana watoto, akasema, "Wale wana watoto wadogo. Wewe umeshazeeka, tena kwa mdomo wako huo, mbwa ndiye atakayeogopa." Tulicheka mpaka muuguzi akaja kututazama, halafu nikaona analia, hakuogopa kufa, aliogopa kutoka mlango huu bila mtu, nami nikamwahidi. Alifariki Ijumaa tarehe 9 Novemba 1973, saa kumi na moja alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta supu na makaa ya mawe bila kuombwa, Baba Kasisi kwa sala zake, na mafundi wenzake waliokataa jeneza libebwe na mtu mwingine.

Nimefika mwisho wa karatasi, naiweka chini kwa kuwa mkono nauhitaji, bado ninaogopa, kwa hiyo nawaomba wabebaji wasinyanyue mpaka niwe nimefika kwa mbwa. Pumzika kwa amani, kaka Edwin, huendi peke yako.