Siku Niliyomkana Shangazi

Ndugu zangu, nashukuru kwa kupewa nafasi hii, ingawa nimeikwepa mara tatu. Kila mkutano wetu wa wahitimu nilikuwa naketi karibu na mlango, na mkiniita najifanya napokea simu. Leo nitasema yote. Mkiona nimeanza kupamba maneno, nikatizeni.

Nimelelewa Kaloleni na shangazi yangu, dada ya marehemu baba. Ana kibanda cha chakula pale soko la Jericho: chapati, maharagwe, samaki wa kukaanga. Kibanda hicho ndicho kilichonisomesha hadi chuo kikuu, nikahitimu sayansi ya chakula. Siku ya mahafali yangu shangazi alikifunga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata akiwa na malaria.

Baada ya hapo nilitafuta kazi miaka minne. Hayo sitawachosha nayo, wengi wenu mnayajua. Nikarudi kibandani kusukuma chapati, lakini moyoni sikukubali kwamba hiyo ni kazi. Mtu akiniuliza, nilisema nimepumzika kidogo.

Siku moja chuo kikanipigia simu. Dada mmoja mpole aliniambia wanawatafuta wahitimu wao wajue wako wapi. "Unafanya kazi gani siku hizi?" Shangazi alikuwa hatua mbili kutoka nilipokuwa, anachagua maharagwe. Nikatoka nje, nikasema mimi ni msimamizi wa ubora katika kiwanda cha maziwa. Nikataja na jina la kiwanda. Nawaambia, sikusita hata kidogo.

Mwezi uliofuata wakanialika kuzungumza na wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Ningeweza kukataa. Badala yake niliazima koti kwa rafiki yangu wa Buruburu, nikaenda. Mhadhiri aliyenifundisha alinitambulisha kwa fahari. Msichana wa mstari wa mbele akauliza, "Hiyo kazi uliipataje?"

"Nilituma maombi, wakaniita," nikamjibu. "Mwenye bidii hakosi."

Akaandika. Mimi niliyekosa kwa miaka minne nilimwambia mtoto wa watu maneno hayo, naye akayaandika kwenye daftari lake.

Miezi miwili baadaye, asubuhi wateja wa chai wakiwa wameondoka, yule mhadhiri alitokea sokoni na wanafunzi sita. Walikuwa wanapita vibandani kuomba mafuta ya kukaangia wakayapime. Hakujua mimi niko pale. Nilikuwa nimejifunga leso, unga umenifika viwikoni.

"Kumbe ni wewe?" akasema. "Unafanya nini huku?"

"Nimepita tu, mwalimu. Huyu mama huwa nanunua chakula kwake. Leo amelemewa, nikamsaidia kidogo."

Shangazi alikuwa anageuza chapati. Mkono wake ulisimama, kisha ukaendelea. "Karibuni chai," akawaambia wageni.

Yule msichana wa mstari wa mbele alikuwa miongoni mwao. Hakukasirika. Alisema polepole, "Madam, nilikutafuta kule kiwandani na barua yangu ya kuomba kazi. Askari wa langoni akaniambia hakuna mtu wa jina lako. Nikarudi mara ya pili, nikidhani amekosea."

Aliyejibu ni shangazi. "Usimlaumu, mwanangu. Aliacha kazi kwa sababu yangu. Niliugua."

Hakuwa ameugua. Mama huyu niliyemkana dakika moja iliyopita alikuwa ananisitiri mbele ya wageni, kwa uongo, yeye ambaye nikiwa mdogo hakunivumilia uongo hata wa peremende.

"Hakuugua," nikasema. "Ni shangazi yangu, ndiye aliyenilea. Kile kiwanda sijawahi kukanyaga. Kazi yangu ni hapa."

Hakuna aliyenifariji, wala sikustahili. Msichana alifunga daftari. Wakachukua mafuta yao kwenye vichupa, wakaenda. Tulipokuwa tunafunga kibanda nilimpigia shangazi magoti, nikamwomba anisamehe. Akasema, "Inuka, sakafu ina maji."

Wiki iliyofuata mhadhiri alirudi peke yake na majibu. Mafuta yetu yalikuwa kati ya mabaya zaidi soko zima, kwa sababu tulikuwa tunayarudia siku baada ya siku. "Na hapa kuna mtu niliyemfundisha mwenyewe," akasema. Hilo lilinichoma kuliko uongo wenyewe. Elimu nilikuwa nayo, nikaiweka akiba ya kiwanda ambacho hakikuniita, huku nawalisha majirani zangu mafuta yaliyoharibika.

Akaniambia, "Njoo uwaeleze wale wanafunzi ukweli. Kisha tutaangalia haya mafuta."

Nilienda, bila koti la mtu. Nilimwomba yule msichana radhi mbele ya wenzake. Alisema asante, akatoka. Mpaka leo hatujazoeana, na siwezi kumlazimisha.

Tulibadilisha namna ya kukaanga, nikawafundisha na akina mama wa vibanda jirani. Siku hizi idara yangu ya zamani huleta wanafunzi kila muhula wajifunze sokoni, nami ndiye ninayewaongoza, kwa malipo. Sijawa mkubwa wa mtu. Siku nyingi bado nasukuma chapati.

Namshukuru mhadhiri wangu, ambaye hakunifutia jina langu kwenye orodha ya wahitimu. Nawashukuru akina mama wa Jericho walioniruhusu kuwafundisha wakijua nilichofanya. Na ninyi mliohitimu juzi, mkiulizwa mnafanya nini, semeni mnachofanya. Kuna mtu anasikiliza ili aamue pa kupeleka barua yake.

Chai mtakayokunywa leo imepikwa na shangazi. Yuko hapo nje na birika zake. Nilimwomba aingie, akakataa, akasema huu ni mkutano wa wasomi, asije akaniaibisha. Hilo neno la kuniaibisha mimi ndiye niliyemfundisha. Kwa hiyo naomba mniruhusu nikomee hapa, nikamshike mkono nimlete ndani.