Bwana wa Kwenye Sinema

Waliokuwepo Jumanne ile asubuhi, kwenye benchi lililo mbele ya duka la dobi, barabara kuu ya Thornton Heath, Uingereza, ni hawa. Faridah Mbarak, mshonaji wa Mombasa, mwenye chupa ya kahawa. Bonface Wambua, dereva wa basi mstaafu, aliyeitwa Daktari kwa sababu ana jibu la kila ugonjwa na hajawahi kumponya mtu. Na Ulimboka Anyosisye Mwakalobo, mwenye miaka themanini na mitano, ambaye wenzake humwita Mzee Uli, jina asiloitikia mpaka liitwe mara ya pili. Ncha ya kushoto ilikuwa tupu. Hapo hukaa Lusekelo Mwambona, aitwaye Mkalimani, na siku hiyo ndiye aliyekuwa akingojwa.

— Mzee Uli, hiyo karatasi isome tu, alisema Bonface.

Ulimboka aliikunja karatasi mkononi.

— Mzee Ulimboka.

— Naam. Sisomi mpaka mwenyewe aje. Ataisoma yeye, kwa sauti, na atatafsiri upya mbele yenu.

— Kutafsiri nini tena?

Faridah alimmiminia Bonface kahawa.

— Daktari, wewe nawe. Si ile sinema yao. Imeonyeshwa jana kwenye televisheni, mchana.

Ilikuwa filamu ya Waingereza, waliyoitoa katika riwaya na kuipiga wakati wa vita, mabomu yakiangukia mji huu huu. Mishumaa, magauni ya hariri, lodi katili, kabaila mwenye mjeledi, na mkewe anayesimama juu ya ngazi kumwambia kwamba hakumpenda hata siku moja. Ulimboka alikuwa ameiona mara moja tu kabla ya jana: Juni 1953, kwao Tukuyu, sherehe ya kutawazwa Malkia, kwenye shuka lililotundikwa katika uwanja wa shule ya misheni. Lusekelo, karani kijana wa bomani, alishika kipaza sauti akatafsiri.

— Yule mama alisema, “I never loved you, my lord,” alisema Ulimboka. Dakika ya sitini na mbili. Nimeandika hapa kwenye karatasi. Lusekelo akatangaza: “Sikukupenda kamwe, Bwana.”

— Sasa kosa liko wapi?

— Uwanja mzima ulikuwa wa Wakristo, Bonface. Walidhani anamkufuru Mungu. Wamama wakalia. Mchungaji akasimama kuomba.

Bonface alicheka mpaka kahawa ikamwagika gotini.

— Hiyo ilipangwa. Hawa Waingereza walitaka muache kanisa, mfuate malodi. Ndiyo maana mpaka leo wako na nyumba yao pale Bungeni na hakuna mtu huwapigia kura. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Yaani basi lizunguke vipi, litarudi depo.

— Methali hiyo haihusiki, alisema Ulimboka.

— Inahusika sana. Hata huyo Mkalimani, mimi naona alikuwa anavuta mshahara mara mbili. Bomani na kwa lodi mwenyewe.

— Lodi ni mwigizaji, Daktari, alisema Faridah. Keshakufa zamani.

— Ndio wanataka uamini hivyo.

Faridah alimgeukia Ulimboka.

— Basi nawe, babu yangu, ungelisemaje? Hilo neno.

— Mheshimiwa.

— Mke kumwita mumewe mheshimiwa? Nyumba hiyo ina mkutano wa hadhara?

— Mume wangu, basi.

— Hakusema mume. Kasema lodi.

Ulimboka alitazama karatasi yake. Lusekelo mwenyewe alimwambia hivyo hivyo, mara moja tu, katika miaka tisa ya kukaa benchi moja: ningesemaje, mwenzangu, tulikuwa na Bwana mmoja tu wa kugawana wote. Ulimboka alimjibu kwa Kiingereza kwamba mvua inakuja. Kila asubuhi Lusekelo alimwamkia kwa lugha ya kwao, “Ugonile,” na kila asubuhi yeye alijibu, “Good morning.”

— Neno nilishamwachia, alisema mwishowe. Shida ni kesho yake. Mimi nilipiga kelele kutoka mstari wa mbele kwamba anasema na mumewe, si na Mungu. Miaka kumi na mitatu, wa kwanza darasani. Mwalimu mkuu akamwita Lusekelo ofisini, akamuuliza: kijana huyu amesema kweli? Akajibu: hapana, bwana.

— Bwana yupi? aliuliza Bonface, lakini hakucheka.

— Viboko kumi na viwili, na jina langu likafutwa shuleni. Lusekelo ndiye aliyeagizwa kuandika barua ya kunifukuza, akaiandika kwa mkono wake. Miaka thelathini nimesukuma vitanda vya wagonjwa katika nchi hii. Nataka aseme ndiyo. Neno moja. Leo.

— Saa nne hii, alisema Faridah. Huwa hachelewi.

— Anajificha, alisema Bonface. Ameona hiyo sinema jana. Atakuwa Stanmore sasa hivi, kule upande wa pili wa mji, amevaa kofia.

Mwanamke mmoja alivuka barabara, amevaa sare ya zambarau ya watunzaji wa wazee, akiwa na bahasha. Alisimama mbele ya benchi akawatazama wote watatu.

— Jambo yenu. Mimi naitwa Noëlla, ni mimi nilikuwa namwangaliaka Papa Lusekelo kule kwake.

Alitoa fomu akasoma polepole.

— Nani hapa ni Ulimboka Anyosisye Mwakalobo?

Majina yote matatu, bila kukosea herufi. Ulimboka aliinua mkono kama mwanafunzi. Aliipokea fomu. Mwandiko aliujua: ule ule uliolala kulia, wa barua ya 1953.

— Pa next of kin, ndugu wa karibu, ameandika weye peke yako, alisema Noëlla. Lakini pa kuandika undugu ameacha wazi, na ofisi inaniuliza. Weye uko nani yake?

Bonface alimtazama Faridah. Faridah alifunga chupa ya kahawa. Ulimboka aliigeuza fomu, akatazama nyuma, ambako hapakuandikwa kitu, kisha akairudisha mbele.

Lusekelo Mwambona alikuwa amefariki alfajiri hiyo, saa kumi na moja na nusu.