Mama Véronique Aliyewapa Askari Nyumba Yake

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Nyakasanza, Mongbwalu na Gety, karibuni. Punguzeni moto chini ya sufuria, msogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mama Véronique Giramia, chefu, kiongozi wa mtaa wetu hapa Nyakasanza. Ametuacha juma lililopita, kwa ugonjwa wa moyo.

Alizaliwa Mahagi. Alikuja Bunia kuolewa, akauza samaki wa ziwa sokoni, hadi alipowekwa kuwa chefu. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa. Ukitupa taka mferejini, ulimsikia kabla ya kumwona.

Halafu vita ikasogea. Askari wakaletwa kulinda mtaa, na komanda wao akachagua kukaa maternité. Ndiyo, wasikilizaji, maternité, pale wamama wanapozalia! Iko juu kidogo, unaiona barabara yote. Wauguzi wakaambiwa wahame siku ileile.

Mama Véronique alimkuta komanda mlangoni. Muuguzi Hélène alikuwepo, anasimulia:

"Komanda alisema, 'Mama, sasa ni vita. Amri natoa miye.' Mama akamujibu, 'Vita iko yako, komanda. Lakini hawa wamama iko wangu. Mumoja iko na uchungu sasa hivi. Ingia, umuambie aache kuzaa.'"

Komanda hakuingia. Lakini hakukubali pia. Alisema chefu anapinga jeshi, akamfungia ndani ya gari mchana kutwa, juani.

Alipofunguliwa, Mama Véronique alimrudia komanda yuleyule. Akamwambia, "Unatafuta fasi ya juu? Nyumba yangu iko juu vilevile. Kamata ile."

Narudia, wasikilizaji: alitoa nyumba yake. Nyumba ya matofali, aliyoijenga na marehemu mumewe. Yeye na binti yake Joëlle wakahamia jikoni, nje.

"Nilimukasirikia sana," anasema Joëlle. "Nilimuuliza, 'Mama, siye tutalala mu moshi?' Akasema, 'Siye tutakohoa tu. Lakini mutoto asizaliwe mu njia.'"

Komanda aliichukua, na askari wakakaa katika nyumba ile karibu mwaka. Na msidhani palikuwa kimya! Kila asubuhi Mama alivuka ua kwenda kugombana na komanda. Vijana wake wamechukua kuku wa jirani. Vijana wake wamempiga mtu kwenye kizuizi. Mara nyingine alisikilizwa, mara nyingine alifukuzwa. Vijana wenyewe wakaanza kumwita Mama kwa cheo cha Colonel, yaani kanali, kwanza kwa siri, kisha mbele ya komanda. Komanda alinuna. Lakini siku moja, anacheka Joëlle, askari aliomba ruhusa ya kwenda sokoni, na komanda akajibu kwa uchovu, "Uliza Colonel."

Walipoondoka, milango yote ilikuwa imechomwa kuni. Hakuna aliyeomba msamaha. Mama Véronique alitundika kitenge mlangoni, akaingia kulala. Na maternité? Haikufungwa hata siku moja.

Jumamosi tulimzika. Wamama waliojifungua wakati ule walikuja na watoto wao, wengine tayari wamevaa sare za shule. Joëlle alipowaona wanapanda njia, alikaa chini akalia.

Joëlle, na ukoo wote kule Mahagi, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Na siye tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize leo: yule anayetuamuru kuhama, awe chefu, awe komanda, yeye mwenyewe amewahi kulala jikoni kwa ajili yetu?

Pumzika, Mama Véronique.