Farasi Waliolala Ghorofa ya Tatu: Kumkumbuka Bordás Etelka

Wasikilizaji wapendwa, kabla ya kumtaja marehemu nataka muwaone farasi. Farasi arobaini na wanane. Wametoka kuvuta mizigo ya mji mzima, mikokoteni imebaki uani, nao wanapanda kwenda kulala ghorofani. Ndiyo, ghorofani. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wanapanda mwinamo wa matofali yaliyolazwa ubavu ili kwato zisiteleze. Sakafu inayowabeba imekaa juu ya matao ya matofali, na matao juu ya mihimili ya chuma. Mwaka 1893 kuna watu walikaa wakawaza namna ya kumlaza farasi juu ya kichwa cha mwenzake, na wakaweza. Nimepita pale mara nyingi. Kila nikitazama juu, nabaki mdomo wazi.

Hilo ndilo zizi letu la mtaa wa Józsefváros, hapa Budapest. Humo ndimo alimozaliwa Bordás Etelka, fundi wa lipu, aliyetuaga Jumanne akiwa na miaka themanini na tisa. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Bordás Etelka, fundi wa lipu, mtoto wa zizi.

Baba yake, Lénárd, alikuwa mwendesha mkokoteni. Farasi kupanda si kazi. Kazi ni kumteremsha asubuhi, maana akiona bonde mbele yake anagoma. Kwa hiyo waendesha mikokoteni walikuwa na sheria moja: mkubwa atangulie. Enzi za Etelka, mkubwa alikuwa Fáni, farasi jike mwenye jicho moja. Fáni akishuka, wengine wote walifuata nyayo zake. Etelka, miaka sita, alisimama chini akitazama jengo zima likitetemeka, naye akitetemeka kwa raha.

Farasi waliondoka mwaka 1950. Mwaka 1959 zizi likageuzwa nyumba za watu, familia thelathini na moja. Etelka aliomba ghorofa ya tatu, palepale alipokuwa akilala Fáni. Na kuta za mwinamo alizipiga lipu yeye mwenyewe. Lipu ya saruji, laini kama ganda la yai. "Sikutaka wageni waseme tunakaa zizini," alimwambia binti yake, Ilka.

Masika ya kwanza lipu ikabanduka. Akapiga nyingine, nene zaidi. Ikabanduka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu aliziba ufa miaka kumi na saba, na nusura ukuta ubomolewe.

Maana mwaka 1976 alikuja mhandisi, Hollós Gedeon, na karatasi ya amri mkononi. Kuta zinatoka maji, zinamenyeka, zimeoza. Nyumba ivunjwe. Familia thelathini na moja zitawanywe huko pembezoni mwa mji.

Etelka alijua ukweli. Alikuwa ameujua miaka mingi. Baba yake alimwambia kabla ya kufa: "Ukuta huo umekojolewa na farasi miaka hamsini na saba, mwanangu. Utauziba mdomo kwa saruji?" Lakini fundi ni jina lake. Nani atamwita tena fundi aliyekosea nyumbani kwake mwenyewe?

Ilka anakumbuka: "Mama hakula siku hiyo. Supu ya maharagwe ilipoa mezani. Akachukua tindo na nyundo, akashuka."

Mbele ya majirani wote, akaanza kuibandua lipu yake.

"Bwana mhandisi, ukuta hauumwi. Inayoumwa ni lipu, na aliyeipiga ni mimi."

Nyuma ya lipu kulikuwa na unga mweupe. Etelka akaugusa, akalamba kidole. "Shura hii. Chumvi ya mikojo ya farasi. Nimeifungia ndani, inatafuta pa kutokea. Lamba."

"Mama, mimi nina shahada."

"Na ulimi unao."

Mhandisi akalamba. Akakunja uso. Kisha akachukua nyundo ya Etelka, akagonga tofali, na tofali likalia kama kengele. Akagonga la pili. Likalia.

Jirani yake, Zsoldos Vendel, akasema: "Miaka yote hiyo unatudondoshea unga kwenye supu, Etelka, kumbe ulijua?"

"Nilijua, Vendel."

"Basi supu ya mwaka huu utapika wewe."

Karatasi ile ikafutwa. Ilimchukua Etelka miaka miwili kubandua saruji yote, ghorofa kwa ghorofa. Nendeni mkaone. Pete za chuma za kufungia farasi zimo ukutani, na matofali yamebonyea pale farasi walipokuwa wakilamba chumvi. Wekeni kiganja pale.

Ijumaa alizikwa. Jeneza halikuingia kwenye lifti. Wabebaji sita walisimama juu ya mwinamo, wakatazama chini, wakasita. Ndipo Mzee Vendel, mwenye miaka tisini na mitatu, akapita katikati yao na fimbo yake. "Mkubwa atangulie," akasema. Akaanza kushuka. Jeneza likafuata, na nyumba nzima ikafuata.

Kwako Ilka, na kwa familia zote za zizi, poleni sana. Nasi wengine, usiku huu tujiulize ni lipu ipi tuliyoipiga wenyewe, na tunaogopa nini kuigonga.

Mzee Vendel, pole nawe. Tumesikia ulifika chini salama, na hakuna aliyeteleza nyuma yako.