Fundi Breki, si Mtunza Bohari: Gélase Barutwanayo, 1967–2025

Tunayemzika leo, Gélase Barutwanayo, alikuwa fundi breki. Tunaanza na kazi kabla ya kuzaliwa kwake kwa sababu ipo karatasi inayosema vingine. Tutaifikia.

Alizaliwa Rumonge tarehe 3 Agosti 1967, mtoto wa nne wa Mzee Zabulon, mkamuaji wa mawese, na Mama Consolata. Alisoma shule ya msingi huko huko, kisha miaka miwili ya ufundi wa magari Bujumbura. Mwaka wa tatu hakuufikia. Baba yake alifariki, naye akatafuta kazi.

Aliipata tarehe 6 Novemba 1989, katika karakana ya kampuni ya malori, mtaa wa viwanda. Kwa miaka thelathini na miwili alifanya jambo lile lile: kufungua ngoma ya breki, kupuliza vumbi lake kwa kompresa, na kusaga vipande vipya mpaka vikae sawa. Kwa miaka mingi vipande hivyo vilikuwa na amianti, madini ya nyuzi nyembamba yasiyoshika moto. Anayezivuta kwa pumzi hazimtoki. Kampuni haiwezi kusema haikujua. Sylvère, aliyefanya kazi benchi la jirani, anayakumbuka makasha yaliyoandikwa onyo kwa Kifaransa, na msimamizi aliyeyachoma kuchemshia chai.

Mwaka 1996 Gélase alianza kujifunga leso mdomoni. Kila asubuhi msimamizi alimpokea kwa kelele: "Pigeni vigelegele! Bibi arusi amefika! Bwana yake iko wapi?" Karakana nzima ilicheka. Siku ya tano leso ilibaki nyumbani. Maski haikuletwa kamwe.

Tarehe 17 Julai 1993 alikuwa amefunga ndoa na Elvire. Walijenga Cibitoke na kupata watoto watatu: Benite, Divin na Sephora. Hakuna aliyeruhusiwa kumkumbatia kabla hajaoga. Sephora, akiwa na miaka minne, alimngoja mlangoni mwa bafu akiwa na taulo, na kama baba alichelewa, alimhesabia kwa sauti mpaka kumi.

Sasa karatasi. Mwaka 2015 Benite alichumbiwa na kijana wa Mutanga Sud, mtaa wa wenye nacho. Siku ya mahari msemaji wa familia hutaja kazi ya baba, na Gélase aliona aibu kutajwa kuwa fundi breki mbele ya wakwe wale. Akamwomba mkurugenzi, Bwana Darius, cheti cha kumtaja kuwa mtunza bohari. Bwana Darius, ambaye ombi la maski lilimshinda miaka yote, alikigonga muhuri siku hiyo hiyo. Wakwe walifurahi. Gélase alikitundika sebuleni.

Wa kwanza kuuona ugonjwa hakuwa daktari. Alikuwa Mathilde, kiongozi wa kwaya, katika mazoezi ya Desemba 2020. Besi ya Gélase ilikuwa ikidumu hata wengine wakishavuta pumzi mara mbili. Siku hiyo ilikatika.

"Papa Benite, we umekata mbele ya soprano! Uko na nini?"

"Ni uzee, Mama. Mi nimezeeka."

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu.

Mwaka uliofuata pumzi ilimlazimisha kuacha kazi. Alitibiwa kifua kikuu mara mbili, ingawa vipimo vya makohozi havikuonyesha kitu. Hakuna aliyemuuliza alifanya kazi gani. Mei 2023 alipigwa skana, sampuli ikapelekwa nje ya nchi, na jibu likarudi: saratani ya mapafu, na ndani ya pafu nyuzi za amianti. Hakuwahi kuvuta sigara.

Familia ilidai fidia ya ugonjwa wa kazini. Kampuni ilijibu kwa nakala ya cheti kile: mtunza bohari hapulizi ngoma za breki. Dai likakataliwa. Gélase alikishusha cheti ukutani kwa mkono wake.

Alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa nane mchana, akiwa na miaka hamsini na saba.

Siku ya tatu ya msiba Bwana Darius alitoka Kinindo kuja kutoa pole. "Mama Benite, mu programu muandike tu 'ugonjwa wa muda mrefu'. Sanduku, sisi tutalipa."

Elvire alimjibu mbele ya waombolezaji: "Miaka makumi tatu na mbili mulishindwa kumupa maski, leo muko na sanduku? Apana, Patron. Ni kansere ya kazi yenu, na ndiyo tutaandika."

Imeandikwa. Jeneza limenunuliwa na kwaya.

Rufaa inafungwa tarehe 28 mwezi huu. Inataka mashahidi wawili waliomwona akiwa benchini. Sylvère, ambaye amestaafu, ametia saini. Wa pili hajapatikana, kwa kuwa waliobaki bado wanakula mshahara wa kampuni. Fomu iko mezani kwa Elvire, kando ya kitabu cha rambirambi, pamoja na kalamu.

Gélase ameacha mjane, Elvire, watoto, Benite, Divin na Sephora, wajukuu wawili, na Ilias, aliyesaga breki naye kwenye benchi moja kwa miaka kumi na mmoja, ambaye leo ni miongoni mwa waliombeba mpaka hapa.

Yeye apumzike kwa amani. Faili lake lisipumzike.