Matusi Mbele ya Mgonjwa

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya wenzangu. Wazee wangu, shikamooni. Nimeombwa nitoe shukrani, lakini mnisamehe, nitashukuru nikiwa bado na hasira.

Mimi ni mtoto wa hapa Ntobeye, mnanijua. Hospitali niliyopangiwa udaktari sitaitaja jina. Wagonjwa walilala wawili wawili, nasi madaktari tulikuwa wachache. Kazi nyingi niliitarajia. Matusi sikuyatarajia. Mkuu wa idara yetu, kila tukipita wodini, alinisema mbele ya wagonjwa: nani alinipa cheti, nirudi kwetu nikalime maharage. Wauguzi wanatazama chini. Mgonjwa niliyemtibu jana, leo ananiogopa.

Ndugu zangu, nawaambia, maneno yanachosha kuliko zamu. Niliacha kula. Nikawa nikifika getini natapika, nanawa, naingia kutibu watu. Asubuhi moja nilishindwa kabisa kushuka kwenye bodaboda. Nikamwambia dereva anirudishe. Nikaja nyumbani nikajifungia.

Kuna waliosema nimerogwa. Wengine, nimefukuzwa. Ila nyinyi akina mama mlikuja na majembe, mkanitoa ndani, tukapalilia migomba. Mmoja wenu akaniuliza naumwa nini. Nikamweleza yote. Akasema, "Basi si wewe unayeumwa. Rudi, mwanangu, lakini usirudi kimya."

Nikarudi. Haikupita wiki, mkuu akamgeukia daktari mwenzetu aliyekesha na mzazi aliyetokwa na damu nyingi. Akamwita mjinga, mzazi mwenyewe akisikia, mtoto kifuani.

Nikasema, "Daktari, mama huyu yuko hai kwa mikono ya huyu unayemtukana. Kama kuna kosa, tukaliongee ofisini."

Akaniamuru nitoke. Sikutoka. Wenzangu wakasogea wakasimama nami, na wauguzi nao. Mchana ule tulikwenda wote kwa mganga mkuu wa hospitali tukasema kila kitu.

Mkuu wetu alionywa. Sasa anayemsahihisha mwenzake humwita pembeni, na aliyekesha huenda kulala. Lakini radhi hajaniomba hadi leo. Ananipita kama hakufanya kitu, na hilo linaniuma.

Akina mama, asanteni kwa yale majembe. Wale madaktari na wauguzi waliosogea, Mungu awazidishie. Nanyi wazazi wenye watoto makazini, wakirudi wamenyong'onyea msikimbilie kuwaambia wavumilie. Waulizeni kwanza nani anawafanyia nini. Kuvumilia njaa nilifundishwa nikiwa mdogo, na nitawafundisha wanangu. Kuvumilia kutukanwa, hapana, hilo sitamfundisha mtoto yeyote.